Saratani ya Matiti: Mgonjwa Asiachwe Peke Yake



Katika gazeti hili mmezoea kusoma habari za mbegu, mbolea na bei ya mahindi. Mwezi huu nataka kuwaeleza jambo lisilopimwa kwa gunia wala kwa ekari, lakini likiingia katika nyumba ya mkulima laweza kulaza shamba zima. Jambo lenyewe ni saratani ya matiti, ambayo wengi wetu huiita kansa. Nitaeleza kidogo juu ya ugonjwa wenyewe, kisha nitaeleza zaidi taabu inayompata mgonjwa moyoni, na namna sisi watu wa nyumbani na majirani tunavyoweza kumsaidia.

Mimi si daktari. Nilisomea ualimu, na sasa ni karani katika ofisi ya kilimo hapa Funyula. Naandika kwa sababu ugonjwa huu uliingia katika jamaa yetu, na kwa sababu mwanzoni mimi mwenyewe nilikosea.

UGONJWA WENYEWE

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe hai ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Kwa kawaida chembe hizo huzaliwa, hufanya kazi yake, hufa, na nyingine hushika nafasi yake kwa utaratibu. Saratani ni chembe zilizoacha utaratibu huo. Huongezeka bila kipimo, huvamia nafasi ya zile nzima, na zikiachwa husafiri mpaka kwenye mifupa, ini au mapafu.

Dalili za kuangaliwa ni hizi: uvimbe katika titi au kwapani, ambao mara nyingi hauumi, ngozi ya titi kuvutwa ndani au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani ambapo haikuwa hivyo zamani, na chuchu kutoa damu au majimaji. Uvimbe mwingi wa titi si saratani. Lakini hakuna mtu awezaye kujua kwa kutazama tu. Lazima hospitali wapige picha na kutoa kipande kidogo cha nyama kwa sindano ili kikapimwe.

Tena jueni kwamba ugonjwa huu hauambukizi. Huwezi kuupata kwa kula sahani moja na mgonjwa, wala kwa kulala naye kitanda kimoja. Hauletwi na pesa au simu inayowekwa ndani ya sidiria, wala na kijicho cha jirani. Wanaume nao huupata, ingawa ni wachache, kama mmoja katika kila wagonjwa mia.

Ni ugonjwa wa watu wengi. Mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kwamba hapa Kenya wanawake karibu 6,800 walipatwa nao mwaka huo, na zaidi ya 3,000 walikufa kwa sababu yake. Ukigunduliwa mapema hutibika. Shida ni kwamba wengi wetu hufika hospitali wakati umekwisha kusambaa.

KWA NINI MGONJWA HUFICHA?

Wakati wa ualimu nilifundishwa kwamba mwanafunzi asiyejibu si lazima awe hajui, huenda anaogopa. Ndivyo ilivyo hapa.

Dada yangu mkubwa aliolewa katika skimu moja huko Lugari. Mnajua namna skimu hizo zilivyoanza. Tangu mwaka 1962 mashamba ya walowezi yalinunuliwa na kugawiwa wananchi katika Mpango wa Ekari Milioni Moja, na watu wengi wa Magharibi wakaenda kukaa huko. Dada akawa mke wa mjukuu wa mmoja wao. Ndiye aliyekuwa akinitumia fedha za mahindi yake ili nilipe karo ya chuo cha ualimu.

Mwaka mmoja, wakati wa palizi, alishika uvimbe kama punje ya harage katika titi la kushoto. Hakumwambia mtu. Alijiambia, kwanza tumalize kupalilia; halafu, tutie mbolea ya kukuzia; halafu, tuvune; halafu, watoto walipe karo. Miezi saba ikapita. Alipokuja Funyula kwa matanga ya shangazi yetu ndipo alipomwambia mama, usiku, jikoni, taa ikiwa imezimwa.

Baadaye nilimwuliza kwa nini alinyamaza. Sababu zake zilikuwa tatu. Ya kwanza, hakuumwa, na mkulima haendi hospitali bila maumivu. Ya pili, aliogopa kwamba mumewe angeuza shamba. Ya tatu, kule skimu hakuwa na dada wala mama wa kumwonyesha. Majirani ni watu wema, lakini kila mmoja alitoka kwao, na aliona aibu kuvua nguo mbele ya mtu asiye wa ukoo.

Hiyo sababu ya tatu yawahusu ninyi sana. Mtu aliyebaki katika kijiji cha babu zake huzungukwa na jamaa, hata asipotaka. Mtu wa skimu ana ekari zake na ukimya wake. Kwa hiyo katika skimu jirani lazima ashike nafasi ya ndugu, ama sivyo nafasi hiyo itabaki tupu.

KOSA LANGU

Dada alipasuliwa, akaondolewa titi. Nilisafiri kumwona, kutoka Funyula mpaka Busia, kisha Malaba, kisha kwa barabara kuu ya Eldoret. Nilikaa kwenye kiti karibu na kitanda chake. Kwa desturi zetu mwanamume hazungumzi habari za titi la dada yake, basi nikazungumza nilichojua. Nikamwuliza walipata magunia mangapi kwa ekari. Nikamwuliza walitumia mbolea gani ya kupandia. Akajibu moja moja. Mwishowe akanitazama akasema, "Mwalimu, umetoka Funyula mpaka hapa kuja kuhesabu magunia?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikiwa na haya.

Safari ya pili sikuleta habari za mbolea. Nilimwambia, "Dada, naogopa, tena sijui la kusema." Akacheka. Halafu akalia. Halafu akaanza kunieleza mwenyewe, na nikakaa kimya nikasikiliza mpaka jioni.

Aliniambia kwamba kifo hakikuwa jambo lililomsumbua zaidi. Lililomsumbua ni kwamba tangu atoke hospitali mumewe alikuwa akilala sebuleni juu ya kochi. Aliamini kwamba anamchukia kwa kuwa ana titi moja. Jioni hiyo nilimpata shemeji yangu zizini, nikamwuliza kwa heshima. Akasema alilala huko kwa sababu aliogopa kumgonga kidonda usingizini. Watu wawili wanaopendana walikuwa wakilia katika vyumba viwili vya nyumba moja, kila mmoja akidhani mwenzake anajua sababu.

Hilo ndilo nililojifunza, na ndilo ninalotaka mlishike: ugonjwa huu una dawa zake hospitalini, lakini ukimya hauna dawa huko. Dawa yake iko nyumbani.

MAMBO YANAYOPITA MOYONI

Mgonjwa anapoambiwa ana saratani, moyo wake hupita katika mambo mengi. Yajue, ili usimhesabie kuwa ni tabia mbaya.

1. Mshtuko. Huenda asisikie neno lolote la daktari baada ya lile neno la kwanza. Atauliza jambo lile lile mara tano. Mjibu mara tano.

2. Hasira. Atakasirika na watoto, na wewe, na hata Mungu. Mara nyingi hasira hiyo haikulengwa kwako; wewe ndiye uliye karibu tu.

3. Huzuni ya mwili. Kupoteza titi, na nywele kudondoka kwa ajili ya dawa kali, ni msiba. Asiambiwe kwamba ni jambo dogo. Aambiwe kweli: nywele kwa kawaida huota tena dawa zikiisha, na titi la bandia laweza kushonwa kwa kitambaa na pamba likavaliwa ndani ya sidiria.

4. Hofu. Kila akiumwa mgongo au akikohoa atafikiri ugonjwa umerudi. Hofu hiyo huweza kukaa miaka mingi baada ya matibabu.

5. Uchovu. Si uvivu. Dawa za saratani humchosha mtu mpaka ndani ya mifupa, na usingizi hauondoi uchovu huo.

Mambo haya hayafuatani kama miezi ya kalenda. Leo hili, kesho lile, na siku nyingine yote pamoja.

Tena mjihadhari na mgonjwa anayesema daima, "Niko sawa." Ninyi mnaolima muhogo mnajua ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Juu majani ni mabichi na shina limesimama, lakini ukichimba unakuta mizizi imeoza. Mgonjwa naye aweza kusimama mbele ya wageni akicheka, na ndani anaoza kwa huzuni. Akikaa majuma mawili au zaidi bila kulala, bila kutaka chakula, bila kufurahia lolote, mwambieni daktari au nesi. Huzuni ya namna hiyo nayo ni ugonjwa, na ina matibabu. Akisema afadhali afe, msimwache peke yake hata saa moja, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

LA KUSEMA NA LA KUTOSEMA

Usiseme, "Ungekuja mapema." Hilo analijua. Usiseme, "Fulani wa upande wa pili alikufa kwa hiyo hiyo." Usiseme, "Usilie." Usimwambie aache dawa za hospitali kwa sababu ana imani, au kwa sababu mtu fulani ng'ambo ya mpaka anauza mizizi inayotibu kila kitu. Sala na hospitali hazigombani. Na mgonjwa anayetumia mitishamba amwambie daktari, kwa kuwa mingine huharibu kazi ya dawa.

Sema maneno machache ya kweli. "Nipo hapa." "Leo wataka tuzungumze, au tukae tu?" "Kesho asubuhi nitakuja kukamua ng'ombe." Angalia kwamba hilo la mwisho si swali. Ukimwambia mgonjwa, "Ukihitaji kitu niite," hatakuita. Lakini ukija na jembe lako, hatakufukuza.

KAZI YA KILA MTU

Mume. Lala karibu na mke wako, au umweleze kwa nini hulali karibu. Mguse mkono. Akiwa tayari kukuonyesha kovu, litazame bila kugeuza uso. Enda naye hospitali. Mume asiyekwenda hospitali husikia habari nusu, na nusu iliyobaki huijaza kwa hofu.

Mama mkwe na baba mkwe. Najua mipaka ya heshima iliyoko baina yenu na mke wa mtoto wenu. Hamna haja ya kuivunja. Chakula cha moto, maji ya kuoga, na kuwanyamazisha wanaomsema vibaya ni msaada ulio ndani ya mipaka hiyo.

Watoto. Waambieni kwa maneno mepesi: "Mama ana ugonjwa katika titi. Anapewa dawa. Dawa zitamchosha. Ninyi hamkuuleta." Mtoto asiyeambiwa hudhani kwamba yeye ndiye sababu, na hubeba mzigo huo shuleni peke yake.

Majirani. Dawa nyingi za mishipa hutolewa kila baada ya majuma matatu hivi, na siku chache za kwanza ndizo mbaya. Basi fanyeni kalenda, kama mnavyofanya ya kuogesha ng'ombe. Andikeni katika karatasi moja: nani atateka maji, nani atakamua, nani atapika, nani atapeleka watoto shuleni. Zaidi ya yote jazeni siku zile mbaya.

Msindikizaji. Achaguliwe mtu mmoja, yule yule kila safari, mwenye daftari na kalamu. Aandike maswali kabla ya kwenda: Ugonjwa umefika hatua gani? Matibabu ni yapi, na kwa shabaha gani? Yatachukua muda gani? Gharama ni kiasi gani? Dalili zipi zitatulazimu kurudi mara moja? Kwa mfano, mgonjwa aliye katika dawa za saratani akipata homa asingoje kesho, kwa kuwa dawa hupunguza nguvu ya damu kupigana na maradhi. Kadhalika mkono wa upande uliopasuliwa waweza kuvimba. Aulize kazi zipi za shamba arudie na lini, na aulinde mkono huo na miiba na makali ya panga.

FEDHA NA SHAMBA

Hofu ya fedha ndiyo iliyomnyamazisha dada yangu miezi saba. Kwa hiyo nasema wazi: usiuze shamba katika juma la kwanza la hofu.

Kwanza, jiandikishe na kulipia bima ya afya ya Serikali. Tangu tarehe 1 Oktoba, 2024, kazi iliyokuwa ya NHIF iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, nayo hulipia matibabu ya saratani mpaka kiasi fulani kwa mwaka kwa kila jamaa. Uliza hospitalini kiasi cha mwaka huu ni shilingi ngapi, na matibabu yako yatafika wapi. Pili, uliza kama kuna ofisa wa ustawi wa jamii katika hospitali hiyo, maana kazi yake ni kuwasaidia wasioweza kulipa. Tatu, andika hesabu ya nauli na malazi pia. Matibabu ya mionzi mara nyingi hutolewa siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa, na mtu wa Samia anayetibiwa katika Hospitali ya Rufaa ya Moi huko Eldoret hawezi kulala Funyula kila usiku.

Na ikiwa baada ya hesabu lazima kitu kiuzwe, kaeni mume na mke mkubaliane. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu mmoja kuuza mali ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ng'ombe mmoja aweza kurudi. Shamba likienda halirudi, na mgonjwa akipona atahitaji mahali pa kulima.

KUSEMA WAZI

Kuna watu wakubwa waliokataa kuficha. Mwaka 1974 Betty Ford, mke wa Rais wa Marekani, alipasuliwa titi akaruhusu habari hiyo itangazwe, wakati ambapo ugonjwa huo ulitajwa kwa kunong'ona. Wanawake wengi wa nchi ile walikwenda kupimwa kwa ajili yake. Hapa kwetu mwaka 2012 Bibi Beth Mugo, aliyekuwa Waziri wa Afya ya Umma, aliwaambia Wakenya kwamba amepatwa na saratani ya matiti, akawahimiza wengine wapimwe mapema. Ikiwa waziri alilisema mbele ya taifa zima, mke wa mkulima aweza kulisema mbele ya mumewe.

MTUNZAJI NAYE NI MTU

Anayemtunza mgonjwa huchoka. Hulala kidogo, hula akisimama, na huona haya kulalamika kwa kuwa si yeye anayeumwa. Mpeni siku ya kupumzika. Akae jirani mwingine na mgonjwa mchana mmoja kila juma, naye aende sokoni, kanisani au msikitini, au alale tu. Mtunzaji akianguka, wagonjwa ni wawili.

Na ikiwa madaktari wamesema ugonjwa hautapona? Bado kazi ipo. Maumivu yaweza kutulizwa. Katika nchi hii Nairobi Hospice ilianza kazi ya kutuliza maumivu mwaka 1990, na huduma ya namna hiyo sasa imefika hospitali nyingi nyingine, iulizieni. Muulizeni mgonjwa anataka kukaa wapi, anataka kumwona nani, na ana neno gani juu ya watoto wake. Kumwuliza si kumtakia kifo. Ni kumpa nafasi ya kusema akiwa bado ana nguvu za kusema.

MWISHO

Dada yangu alimaliza matibabu yake. Sasa humeza kidonge kimoja kila siku, na daktari amesema atakimeza miaka mingi. Hajarudia kubeba mtungi kwa mkono wa kushoto. Juma la kila uchunguzi hapati usingizi, nasi hatumwambii alale. Shemeji yangu huwasha taa, hupika chai, wakakaa. Halafu asubuhi huenda hospitali pamoja. Wakitoka hunipigia simu, na mimi simwulizi magunia mpaka yeye ayataje kwanza.

Mke wangu, baada ya mambo hayo, hujichunguza matiti yake kila mwezi. Nanyi fanyeni hivyo. Ukishika uvimbe, usingoje palizi iishe. Mwambie mtu mmoja leo, na uende kituo cha afya juma hili. Usipojua pa kuanzia, mwite mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Ndiyo kazi yake.

Na wewe ambaye jirani yako wa skimu ameonekana kunyamaza tangu msimu uliopita, vuka mpaka wa shamba ukamtembelee. Usiende na ushauri. Nenda na jembe, ulime naye mstari mmoja, kisha ukae umsikilize.